Kabla ya Kubishana Kama Mungu Yupo, Tuulizane ni Mungu Yupi

Mabishano kuhusu kuwepo kwa Mungu hayakosi wasikilizaji Kisumu. Mahali popote wanaume wanapokusanyika mchana kujadili siasa, hatakosekana kijana wa chuo anayemtaka mhubiri wa mtaani athibitishe kwamba Mungu yupo, naye mhubiri atamjibu kwa swali: basi ziwa hili liliumbwa na nani? Watu hucheka, hupiga makofi na kutawanyika, kila upande ukijihesabia ushindi. Kwa maoni yangu, mara nyingi wawili hao huwa hata hawajaanza kubishana, kwa kuwa kila mmoja anamzungumzia Mungu wake.

Magharibi mwa Kenya kuna picha nyingi za Mungu kuliko tunavyopenda kukiri. Waumini wa Legio Maria, kanisa lililojitenga na Wakatoliki mwaka 1963, humtambua Simeo Ondetto kuwa Kristo aliyerudi akiwa Mwafrika. Katika miaka ya 1940, Elijah Masinde aliwahimiza Wabukusu warudi kwa Wele, Mungu wa mababu zao, kupitia Dini ya Msambwa, na serikali ya kikoloni ikaipiga dini hiyo marufuku mwaka 1948. Kisha kulikuwa na yule mzee aliyejulikana kama Jehovah Wanyonyi, aliyedai kwamba yeye mwenyewe ndiye Mungu. Je, asiyemwamini Wanyonyi ni mkanamungu? Wakristo wa Kitale na Eldoret wangeshangaa kuulizwa hivyo, ilhali hoja wanazotumia kumkataa (kwamba aliugua na kuzeeka kama sisi, na kwamba aliahidi mengi pasipo kuonyesha lolote) zinakaribiana sana na zile ambazo mkanamungu huzielekeza kwa imani yao wenyewe.

Aliyelichimba suala hili kwa kina ni Henry Odera Oruka, mwanafalsafa mzaliwa wa upande wa Siaya, aliyezunguka vijijini kuwahoji wazee waliosifika kwa hekima. Majibu aliyoyapata yanapaswa kumtuliza yeyote anayedhani kwamba mashaka juu ya Mungu yaliletwa na vyuo vikuu. Paul Mbuya Akoko alitetea kuwepo kwa Mungu mmoja kwa hoja ya mpangilio: kama miungu ingekuwa mingi, kila mmoja na matakwa yake, ulimwengu ungevurugika. Oruka Rang'inya, babake mwanafalsafa huyo, alikwenda njia nyingine kabisa. Yeye aliona ni kosa kumfanya Mungu kuwa mtu fulani aliye mahali fulani, kwani kwake Mungu alikuwa wazo linalowakilisha wema wenyewe, wazo lenye manufaa kwa maisha ya watu. Wazee wawili wa jamii moja ya Wajaluo, na bado mmoja angeungana na mhubiri ilhali mwenzake angeweza kuketi na wakanamungu bila kusumbuana nao.

Hapo ndipo muumini anapopata kishawishi. Akibanwa, hukimbilia tafsiri pana: Mungu ni upendo, Mungu ni nguvu iliyo nyuma ya vyote. Tafsiri hiyo haipingiki kwa urahisi, ila haimwombi mtu sadaka wala haimponyi mgonjwa. Jioni hiyohiyo, kwenye mkutano wa injili pale Nakuru, spika zikinguruma hadi mtaa wa pili, anayehubiriwa ni Mungu anayesikia, anayekasirika na anayetoa viza za kusafiri na kazi. Anayemtetea Mungu mpana mchana hawezi kumkusanyia matoleo Mungu wa miujiza usiku kana kwamba hoja ni ileile.

Mkanamungu naye ana njia yake ya mkato. Huchagua mhubiri dhaifu kuliko wote, akamwangusha, kisha akatangaza kwamba suala limekwisha, wakati hoja ya Mbuya haijaguswa. Hata hivyo, ana silaha moja ambayo sijawahi kusikia ikijibiwa vizuri. Mto Nzoia unapovunja kingo zake Budalang'i na familia kuhamia kambini na mbuzi wachache waliookolewa, huambiwa kwamba ni mapenzi ya Mungu; kingo zikistahimili, Mungu husifiwa kwa kuzilinda. Imani isiyoweza kukosolewa na tukio lolote, anasema mkanamungu, haituelezi chochote kuhusu mto. Muumini makini atajibu kwamba hajawahi kumtumia Mungu mahali pa mhandisi, na kwamba anachotafuta kambini ni nguvu ya kuamka kesho. Ni jibu la heshima, nami silidharau, lakini Mungu wa jibu hilo ni mdogo kuliko yule wa kwenye spika.

Sheria yetu imelikwepa swali hili. Utangulizi wa Katiba ya 2010 unatambua ukuu wa Mwenyezi Mungu. Kifungu cha 8 kinasema hakutakuwa na dini ya taifa. Kifungu cha 32 kinalinda uhuru wa dhamiri, dini na imani. Chama cha wakanamungu kiliposajiliwa mwaka 2016, usajili wake ulisitishwa miezi michache baadaye kufuatia malalamiko ya umma. Sensa ya 2019 nayo iliwahesabu watu 755,750 katika fungu moja la wasio na dini na wakanamungu. Ndani ya fungu hilo anaweza kuwamo mama wa Kakamega aliyeacha kanisa kwa kuchoshwa na michango, naye bado anasali kila usiku kabla ya kulala, akiwa amehesabiwa pamoja na yule kijana wa Kisumu ambaye hajasali tangu amalize shule.