Fraterniti kwenye vyuo vya miaka miwili: hofu ipo, ila anayekatazwa ni nani?

Huko Marekani, ukitaja fraterniti na sororiti, vyama vya wanachuo vinavyojiita kwa herufi za Kigiriki, wengi hukumbuka kwanza ulevi na mateso ya wanachama wapya. Wana haki. Februari 2017, chuo kikuu cha Penn State, kijana wa miaka 19 alinyweshwa pombe usiku wa kupokewa chamani, akaporomoka ngazini, na ikapita karibu saa 12 kabla wenzake hawajapiga simu ya dharura. Akafa. Kwa hiyo anayetaka vyama hivi vikatazwe kwenye vyuo vya jamii (community colleges), vya miaka miwili, ambako wengi huanzia kabla ya kuhamia chuo kikuu, hasemi upuuzi. Tena chama huishi kwa wakubwa kurithisha wadogo. Miaka miwili nani atawahi kuwa mkubwa?

Lakini tumtazame huyo mwanafunzi wa chuo cha jamii anayekatazwa. Ni mama aliyetoka zamu ya usiku, au kijana wetu wa Nairobi au Mwanza aliyeanzia huko kwa sababu ada ni nafuu. Anaegesha gari, anasoma, anaondoka. Bweni, mara nyingi, hakuna. Katika kila 10 wanaoingia vyuo hivi, kama 8 husema wanataka kufika shahada ya kwanza. Baada ya miaka sita, walioipata hawafiki 2. Hawafiki wawili! Umaskini unaeleza sehemu tu. Wengine hukwama kwa jambo dogo: wamesoma kozi ambazo chuo kikuu wanakohamia hakizitambui, na hawakuwa na mtu wa kuwaambia mapema. Aliyehama mwaka jana analijua hilo vizuri kuliko karani yeyote, ila hawana pa kukutana naye. Kwa hiyo ule ufupi wa miaka miwili ndio unaofanya chama kihitajike: anayeondoka anahamia chuo kikuu, na huko ndiko anakuwa mkubwa wa waliobaki.

Kipo chama cha Phi Theta Kappa, cha tangu 1918, kilichoundwa kwa ajili ya vyuo hivi. Kizuri sana, ila ni cha wenye alama za juu. Wa alama za kati aende wapi?

Mateso nayo hayaji na herufi za Kigiriki. Hustawi kwenye nyumba ya chama, wanachama wanakoishi pamoja, na kwenye kipindi cha majaribio kabla mgeni hajakubaliwa kuwa mwanachama kamili. Nyumba kwenye vyuo vya jamii hazipo, na kipindi hicho kinafutika: fraterniti ya Sigma Alpha Epsilon ilikifuta 2014. Kinachonitia wasiwasi ni michango ya uanachama. Ikikaribia ada ya somo moja, nahamia upande wa wapinzani.