Kabla ya kupunguza uzito wa mtihani wa kidato cha nne

Mwaka jana msichana wa kidato cha tatu, katika shule moja ya kata huku Kondoa, alinieleza mmomonyoko wa udongo kwa dakika kumi bila kusita. Alinipeleka nyuma ya madarasa kunionyesha korongo, akanitajia mashamba liliyoyameza, kisha akanisimulia jinsi babu yake alivyohamisha ng'ombe mwaka 1979, serikali ilipoondoa mifugo wakati wa HADO, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma. Nikamwomba aandike hayo hayo kwa Kiingereza, lugha atakayofanyia mtihani. Akaandika mistari miwili ya kukariri, na wa pili haukuhusu swali.

Namkumbuka kila ninaposikia hoja ya kupunguza uzito wa mtihani wa kidato cha nne. Kwa sasa alama za maendeleo ya shuleni hubeba asilimia 30, mtihani wa mwisho 70. Wanaotaka mabadiliko wana hoja nzito: miaka minne ya mtoto huamuliwa ndani ya wiki chache za Novemba, na mwenye malaria siku ya Hisabati ndiyo basi tena. Walimu nao hugeuka mafundi wa kubashiri maswali. Mazoezi ya maabara yanaachwa, darasa zima linakesha na mitihani iliyopita.

Ila wanaopinga nao wasibezwe. Msahihishaji wa Baraza la Mitihani hamjui mtoto wala baba yake, na kwa mtoto wa mkulima wa Bahi au Chamwino huo ni ulinzi mkubwa. Alama za shuleni hazina ulinzi huo. Nimewahi kukaa katika ofisi ya walimu usiku wa kuamkia siku ya kutuma alama, nikaona majina zaidi ya themanini yakijazwa kwa kukadiria, kwa sababu mwalimu ni mmoja na majaribio mengine hayakufanyika kabisa. Sikumlaumu. Lakini alama zile zilikwenda kuhesabiwa kama kipimo cha haki.

Kubadili vipimo tumeshajaribu. Katika mtihani wa 2012 zaidi ya watahiniwa 240,000 walipata daraja sifuri, yaani walifeli. Mei 2013 serikali ikafuta matokeo na kuagiza yapangwe upya. Baadaye ukaja wastani wa pointi, kisha tukarudi kwenye madaraja. Wengine walipanda daraja, ila walichokijua kilibaki kilekile.

Mimi naunga mkono kupunguza uzito wa mtihani wa mwisho, lakini kwanza kazi za wanafunzi zihakikiwe na walimu wa shule nyingine wilayani, madaftari yakiwa mezani. Na kabla hata ya hilo, karatasi za Jiografia, Historia na Baiolojia zichapwe kwa lugha mbili, mtahiniwa achague. Wapo wanaohofia kwamba Kiingereza kitaporomoka. Hofu hiyo naielewa, maana ajira nyingi bado zinakidai. Basi kifundishwe vizuri kama somo, kwa walimu wa kutosha, badala ya kukifanya ukuta kati ya mtoto na somo analolijua.

Yule msichana sasa yuko kidato cha nne. Swali la mmomonyoko likitoka Novemba hii, atalijibu kwa mistari ile miwili, na korongo liko hatua hamsini tu kutoka dirisha la chumba cha mtihani.