Kijana Aliyetibiwa Asiadhibiwe kwa Kutibiwa

Jeshi la Marekani linapomkataa kijana kwa sababu alitibiwa sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyokwisha, akiwa na miaka 13, mtaa mzima unapata somo. Wazazi wanajifunza kwamba mtoto akizidiwa na mawazo ni heri kumficha. Hilo linaniuma sana, maana sisi wenyewe tumechukua miaka mingi kuanza kukubali kwamba mtoto anaweza kuumwa akili, akatibiwa, akapona, na maisha yakaendelea.

Ninaishi Louisville, Kentucky. Kuna Wakongomani wengi hapa, na baadhi yao walipitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma, kwa hiyo Kiswahili utakisikia dukani, kanisani na kwenye kituo cha basi. Fort Knox, kambi ya jeshi yenye makao makuu ya kamandi inayoandikisha askari wa jeshi la nchi kavu, haiko mbali na sisi. Vijana wetu wanawaona askari, wanasikia habari za ada ya chuo kulipwa, za mshahara, za bima ya afya. Wenye grinikadi, kibali cha ukaazi wa kudumu, wanaruhusiwa kujiunga, na kwa amri ya rais ya mwaka 2002, anayetumikia jeshi katika kipindi hiki kilichoanza Septemba 11, 2001 anaweza kuomba uraia bila kusubiri ile miaka mitano ya kawaida ya kukaa na grinikadi. Kwa familia iliyokaa kambini, hayo si mambo madogo.

Jirani yangu ni mama wa Kikongo. Mumewe alifariki mwaka wa pili baada ya kufika hapa. Mtoto wao wa kiume, wakati huo ana miaka 13, akaacha kula, akaacha kulala, akawa anakaa darasani kutwa nzima bila kusema neno. Mwalimu akamwita mama. Shule ikampa mshauri nasaha, mshauri akampeleka kliniki, na kliniki ikaandika sonona. Akatumia vidonge na kuzungumza na mtaalamu kwa mwaka mmoja na miezi minne. Akapona kabisa. Akarudi uwanjani na timu ya shule, akamaliza sekondari na alama nzuri. Sasa ana miaka 19 na anataka kuwa askari.

Mwongozo wa Wizara ya Ulinzi unaoweka vigezo vya afya kwa wanaotaka kujiunga, ule wenye namba 6130.03, unataja mambo kadhaa yanayomwondoa mtu aliyewahi kuwa na sonona: dalili au matibabu ndani ya miezi 36 iliyopita, kulazwa hospitali, ugonjwa kurudi, dalili zozote za kutaka kujiua. Kijana huyu hana hata kimoja kati ya hivyo. Lakini kuna kifungu kingine: matibabu ya nje, pamoja na ushauri nasaha, yakizidi jumla ya miezi 12, nayo yanamwondoa mtu. Yeye alitibiwa miezi 16. Mama aliambiwa na kliniki asikatishe matibabu mapema, akatii, na miezi minne ile ya utii ndiyo inayomzuia mwanawe leo.

Nilikaa naye mezani siku mama yake aliponiita nimsaidie kusoma fomu. Inaitwa DD 2807-1, fomu ya historia ya afya, ina safu mbili za kutia alama, ndiyo na hapana, na inauliza kama umewahi kuwa na tatizo fulani au unalo sasa. Swali la 17 ndilo linalogusa akili. Wasiwasi, kigugumizi, kupoteza kumbukumbu, shida ya usingizi, sonona, kutibiwa ugonjwa wa akili, kujaribu kujiua. Katikati yake kuna mstari mmoja unaouliza kama umewahi kupata ushauri nasaha wa aina yoyote. Wa aina yoyote! Mtoto aliyefiwa na baba, akakaa na mshauri wa shule mara mbili tatu akalia, naye ni ndiyo. Kijana akaniuliza, "Shangazi, na yule mchungaji aliyekuwa anakuja nyumbani naye nimhesabu?" Sikuwa na jibu la kumpa. Mama yake, aliyekuwa amesimama jikoni, akasema maneno ambayo sijayasahau: "Dada, kama ningejua, singemupeleka."

Afisa wa kuandikisha askari, rikruta kama wanavyomwita, alikuwa ameshampa ushauri wake: weka hapana kote, mambo yatakwenda. Ushauri huo umezagaa sana miongoni mwa vijana, na ninasema bila kupepesa macho kwamba ni ushauri mbaya. Tangu mwaka 2022, vituo vya MEPS, mahali wanapopimwa wote wanaotaka kujiunga, vinatumia mfumo wa MHS Genesis, ambao unaweza kuvuta kumbukumbu za matibabu kutoka hospitali za kiraia na dawa ulizoandikiwa. Daktari wa kituo anaweza kuwa na jina la kidonge chako mbele yake kabla hujaketi. Na hata ukipenya, kujiandikisha kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 104a cha sheria ya kijeshi. Rikruta hatakuwepo siku hiyo. Sahihi ni yako.

Kwa mtoto wa mhamiaji hatari ni kubwa zaidi. Uraia unaopatikana kwa njia ya jeshi unaweza kufutwa kama mtu ataondolewa kwa masharti yasiyo ya heshima kabla hajatimiza miaka mitano ya utumishi. Uongo mmoja kwenye safu ya hapana unaweza kuvunja kile ambacho familia nzima ilikitarajia. Kwa hiyo tuliweka ndiyo, tukaandika maelezo, kisha tukaanza kutafuta weva.

Weva ni ruhusa maalumu ya kumpokea mtu ambaye hakukidhi kigezo cha afya, na watu wengi hawajui inavyokwenda. Daktari wa MEPS hawezi kuitoa. Kazi yake ni kusema umekidhi au hukukidhi, na akikuandika kwamba umezuiwa kwa kudumu, usidhani mlango umefungwa, maana hapo ndipo ombi linapoanza. Wewe mwenyewe hupeleki ombi popote. Ni tawi la jeshi unaloliomba ndilo linaloliwasilisha kwa wakubwa wake wa tiba, kupitia kwa rikruta. Maana yake rikruta mvivu ni kikwazo kama ugonjwa wenyewe, na una haki ya kutafuta mwingine. Kila tawi linaamua lenyewe: jeshi la maji likikataa, jeshi la nchi kavu au la anga linaweza kuangalia faili lako upya.

Kinachopimwa hasa ni makaratasi. Kijana wetu aliambiwa alete barua fupi ya kliniki inayosema amepona. Barua hiyo peke yake haisaidii kitu. Wanataka faili lote: maelezo ya ziara ya kwanza, maelezo ya kila ziara baada ya hapo, dawa gani na kipimo gani, siku ilipoachwa na nani aliamua iachwe, na ile karatasi ya mwisho ambapo mtaalamu anaeleza hali ya mgonjwa anapofunga matibabu. Mara nyingi mwombaji hupelekwa pia kwa mtaalamu wa akili aulizwe upya. Ripoti za shule za miaka ya baada ya ugonjwa zina uzito, kwa sababu zinaonyesha mtu anaishi vipi bila dawa. Kliniki aliyotibiwa ilikuwa imehama na kubadili jina, na kulipata faili kulichosha kuliko mazoezi ya kukimbia. Kama mtoto wako anatibiwa sasa hivi, omba nakala leo, weka kwenye bahasha nyumbani.

Sasa nije kwenye jambo linalonitisha kuliko yote. Miezi 36 inahesabiwa kuanzia mwisho wa dalili au wa matibabu, lolote lililokuja baadaye. Kijana wa miaka 16 anayeendelea vizuri na dawa akijua hivyo, hesabu yake ni nyepesi: nikiacha leo, nikifika 19 niko safi. Nimewasikia vijana wakishauriana hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama wanaopanga tarehe ya mtihani. Dawa za sonona zikikatishwa ghafla zinaweza kuleta kizunguzungu, hasira, usingizi kupotea, na ugonjwa wenyewe kurudi kwa nguvu. Kigezo kilichowekwa kulinda jeshi kinamsukuma mtoto aache tiba akiwa peke yake chumbani. Kijana wangu, unayesoma hapa, usiguse dawa bila daktari wako. Jeshi linaweza kusubiri. Na kama mawazo ya kujiua yanakujia, piga 988 hapa Marekani, saa yoyote.

Sisemi milango ifunguliwe ovyo. Mafunzo ya awali yanamnyima mtu usingizi, yanamtenga na mama yake, yanampa bunduki. Baadaye anaweza kupelekwa mahali ambapo daktari wa akili hayupo na dawa inaweza kukawia. Mtu mwenye ugonjwa unaohitaji uangalizi wa kila mara anaweza kuumia huko, na wenzake pia. Kuzuia wenye skizofrenia, ugonjwa mzito wa akili, ninakuelewa. Kuwa makini na aliyejaribu kujiua karibuni ninakuelewa pia, tena ningelia kama wangelegeza hapo. Ninachokipinga ni kumweka mtoto aliyefiwa, akatibiwa, akapona, kwenye kapu moja na hao, kisha kumpima kwa urefu wa matibabu badala ya hali yake ya leo. Aliyeumwa vilevile lakini hakupelekwa kokote anajaza hapana kwa moyo mweupe na kupita. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa aliyeficha anapewa sare.

Jeshi lenyewe linajua hatari ya kuficha. Mwaka 2018 baharia kijana, Brandon Caserta, alijiua, na wazazi wake wakapigania sheria inayobeba jina lake. Ilitiwa sahihi Desemba 2021, ikaanza kutekelezwa 2023, na inampa askari njia ya kuomba tathmini ya afya ya akili kwa siri kupitia mkubwa wake bila kulazimika kueleza sababu. Ni sheria nzuri. Lakini tazama anavyofika askari mpya kambini: amepita kwenye fomu iliyomfundisha kwamba kutafuta msaada kunagharimu, kisha wiki ya kwanza anaambiwa asiogope kutafuta msaada. Atamwamini nani?

Vigezo hivi si msahafu. Tangu 2022 wizara imekuwa ikijaribu kufupisha muda wa kuangalia nyuma kwa magonjwa kadhaa, na hesabu zenyewe zinawalazimisha: utafiti wa wizara hiyo wa mwaka 2020 ulikuta asilimia 77 ya vijana wa miaka 17 hadi 24 hawafai kujiunga bila weva ya namna fulani. Kama wanaweza kulegeza, waanze na kile kifungu cha miezi 12. Waulize mtu amekaa muda gani bila dalili, anasoma vipi, anafanya kazi vipi. Ushauri nasaha wa msiba uondolewe kabisa kwenye lile swali la 17.

Faili la kijana wetu lipo kwa wakubwa wa tiba sasa, na hakuna aliyeahidi jibu zuri. Weva ni hiari yao, na ikikataliwa hakuna baraza la kusikiliza utetezi wako. Familia nyingi hazijui kwamba ofisi ya mbunge wa eneo lako katika Bunge la Marekani hupokea malalamiko ya namna hii na inaweza kuliandikia jeshi kuuliza faili limefikia wapi. Haiwezi kulazimisha uamuzi, lakini faili lililolala huamka. Huhitaji kuwa raia ili kuwaandikia. Kijana ana miaka 19, kwa hiyo yeye mwenyewe ndiye aliyetia sahihi fomu yao ya kuruhusu taarifa zake ziulizwe, na mama yake akaipeleka mkononi.