Kutoka na Kutoroka

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wangu wa kumi na nne Maskati, ambako naweka hesabu za duka la vipuri vya magari katika mtaa wa Ruwi. Si mwanasheria wala mtu wa asasi. Ila kwa kuwa nazungumza Kiswahili na Kiarabu, mara kwa mara huombwa kwenda kutafsiri pale binti wa kwetu anapofikishwa kituo cha polisi, na katika safari mojawapo nilisikia swali ambalo tangu siku hiyo ndilo ninalopimia kila tangazo la warsha na mafunzo ya kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu. Ofisa, kijana mpole aliyemwagizia binti maji kabla hajafungua faili, aliuliza: kwa nini ulitoroka? Binti akajibu kwa sauti ya chini, "Sikutoroka, nilitoka."

Msemaji wa Kiswahili haelezwi tofauti hiyo. Anayetoka amefungua mlango akaondoka. Anayetoroka ana kosa mgongoni tayari. Fomu iliyokuwa mezani haikuwa na nafasi ya neno la kwanza, kwa sababu mwajiri alikwisha kuripoti siku mbili nyuma kwamba mfanyakazi wake ametoweka, na katika utaratibu wa kafala, unaofunga ukaazi wa mfanyakazi mgeni kwa mwajiri wake, taarifa ya namna hiyo humgeuza mfanyakazi kuwa mtu anayeishi nchini kinyume cha sheria kabla hajaulizwa mara ya mwisho alilipwa lini, pasipoti yake iko kwa nani, na kama alikuwa na ruhusa ya kutoka nje hata kwenda kutupa taka.

Haitakuwa haki kusema kwamba nchi za Kiarabu zimelala. Baada ya Umoja wa Mataifa kupitisha Itifaki ya Palermo, mkataba wa kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu, mwaka 2000, Falme za Kiarabu zilitunga sheria yao mwaka 2006, Bahrain na Oman mwaka 2008, Saudia 2009, Qatar 2011 na Kuwait 2013. Tanzania nayo ilitunga ya kwake mwaka uleule wa 2008, kwa hiyo katika karatasi sisi na Oman tu rika moja. Mwaka 2010 ulizinduliwa mjini Doha mpango wa Kiarabu wa kujenga uwezo wa kitaifa dhidi ya biashara hii, kwa ushirikiano wa Umoja wa Nchi za Kiarabu na ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu. Tangu hapo polisi, waendesha mashtaka na mahakimu wa nchi hizi wamekalishwa darasani mara nyingi, na sitashangaa nikiambiwa kwamba yule ofisa mpole alikuwa mmoja wao.

Wasiwasi wangu ni juu ya kile wanachofundishwa kukitambua. Neno "biashara ya binadamu" huleta picha ya genge, danguro na watu waliofichwa nyuma ya lori, lakini binti niliyemtafsiria aliingia kwa ndege mchana kweupe, akiwa na viza halali na mkataba wenye muhuri. Hakuna kilichofichwa isipokuwa yaliyokuja baadaye nyuma ya mlango, na mlango huo mkaguzi wa kazi hagongi, kwa kuwa wafanyakazi wa nyumbani wamewekwa nje ya sheria ya kazi na kutungiwa kanuni zao za pembeni. Hata nafuu iliyoanza Oman Januari 2021, ya mfanyakazi mgeni kuhamia kwa mwajiri mwingine mkataba unapokwisha bila kuomba barua ya mwajiri wa kwanza, haimsaidii mtu ambaye hawezi kufika hata kwenye kituo cha basi. Shirika la Human Rights Watch lilipowahoji wanawake 50 wa Tanzania waliofanya kazi Oman na Falme za Kiarabu, kwa ripoti yake ya mwaka 2017, wengi walieleza habari za pasipoti kuchukuliwa na siku za kazi zisizo na mapumziko. Mambo hayo yote huanza na karatasi zilizokamilika.

Wenzangu hapa hupenda kusema kwamba Waarabu ndio walivyo, na barazani hakukosekani mtu wa kutukumbusha soko la watumwa la Mkunazini, Unguja, lililofungwa mwaka 1873. Mimi huwa nawauliza habari za nyumbani kwao. Ni nani kati yetu ambaye hakulelewa na dada aliyeletwa kutoka Singida au Iringa akiwa na miaka kumi na minne, akilala jikoni, akila baada ya wote, na mshahara wake ukipelekwa kwa mjomba? Amri ya mishahara ya mwaka 2013 iliweka kima cha chini cha shilingi 40,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi anayeishi kwa mwajiri, na ninazijua nyumba ambazo hazikufika hata hapo. Mbele ya mtu anayepokea fedha hiyo, ahadi ya riyali 80 za Oman, ambazo ni zaidi ya dola 200, haihitaji mlaghai hodari.

Ila ipo tofauti moja, nayo si ya moyo. Dada wa Tanga akichoka hufunga kanga zake, humuaga jirani na kupanda basi, na bosi wake hata akinuna vipi hawezi kwenda polisi kumshtaki kwa kuondoka. Hapa anaweza. Wakenya walioko Saudia wana jina la mwenzao aliyekimbia nyumba ya mwajiri: humwita "kemboi", kwa heshima ya mwanariadha wao bingwa wa mbio za kuruka viunzi na maji. Tunacheka tukilisikia, lakini ni jina la mtu ambaye usalama wake sasa unategemea mbio.

Kwa hiyo ningeulizwa uwezo wa nchi hizi dhidi ya biashara ya binadamu uanzie wapi, ningeanza na mpangilio wa maswali. Taarifa ya mwajiri isimamishwe mpaka mfanyakazi asikilizwe peke yake, katika lugha yake, kuhusu mshahara, pasipoti na simu. Ofisa akishaandika "mtoro" juu ya faili, mafunzo aliyopewa hayana pa kuingilia. Na kwa lugha, Oman haina kisingizio: ni nchi yenye raia wengi wanaozungumza Kiswahili, wengine wamezaliwa Unguja, wengine Kigoma na Bujumbura, na baadhi yao wamo serikalini. Bado ninaitwa mimi, mweka hesabu wa duka la vipuri la Ruwi.

Upande wetu nako kuna deni. Anayempeleka binti kwa wakala mara nyingi ni shangazi, ambaye hupewa chochote na hajioni kuwa sehemu ya biashara. Kenya ilipozuia safari hizi mwaka 2014, na Uganda mwaka 2016, waliotaka kuondoka walipitia nchi jirani, na serikali zao zikapoteza hata orodha ya majina. Ningependa kuona mtendaji wa kata na ofisa wa ubalozi wakikaa darasa moja na polisi wa Maskati, ili mkataba usomwe kwa Kiswahili mbele ya binti kabla ya tiketi kukatwa, na nakala yake iwe tayari ubalozini siku atakapoihitaji.

Siku ile sikuwa na la kufanya zaidi ya kutafsiri. Nilimweleza ofisa kwamba kwa lugha yetu binti anasema alitoka tu, kwamba alikuwa hajalipwa miezi mitano, na kwamba neno lile la kwenye fomu yeye halikubali. Alinisikiliza hadi mwisho, akamtazama binti, akaitikia kwa kichwa. Kisha akageuza karatasi ili anionyeshe: neno lilikuwa limekwisha kuchapwa, na nafasi iliyobaki ilikuwa ya saini.