Jina Lisilotajwa: Je, Jukwaa la Nakuru Liimbe Ugonjwa wa Akili?

Kwa miezi kadhaa sasa, sisi tunaopenda michezo ya jukwaani mjini Nakuru tumekuwa tukibishana juu ya jambo moja: je, kundi la huku, lisilo na fedha wala jina la makundi ya Nairobi, lichukue Next to Normal, mchezo wa nyimbo wa Kimarekani unaohusu mama mwenye ugonjwa wa akili na familia yake, na liuweke mbele ya watu wetu jinsi ulivyo? Wapo wanaosema kwamba wakati wake umefika, na wapo wanaosema kwamba tutakuwa tunameza dawa aliyoandikiwa mgonjwa mwingine. Mimi nimewahi kuwa upande huu na upande ule, na hatimaye nimeelekea kwenye kuucheza, ingawa si kwa sababu zinazotolewa na wengi wa wenzangu.

Muziki wake ulitungwa na Tom Kitt na maneno yakaandikwa na Brian Yorkey. Ulianza mwaka 1998 ukiwa kipande cha dakika 10 tu kuhusu mwanamke anayetibiwa kwa umeme unaopitishwa kichwani, ukapitia majaribio mengi, mojawapo likiwa la mwaka 2005 katika Village Theatre, jumba la mji mdogo wa Issaquah katika jimbo la Washington, kabla ya kufika Broadway, kwenye kumbi kubwa za michezo za New York, mwaka 2009 na kupata tuzo ya Pulitzer ya tamthilia mwaka 2010. Nataja safari hii kwa sababu ya wale wanaodai kwamba kazi ya namna hii ni ya miji mikuu peke yake. Mchezo huu ulilelewa kwa sehemu na hadhira ya mji ambao hata Wamarekani wengi hawawezi kuuonyesha kwenye ramani.

Kisa chenyewe kinasimulika kwa ufupi. Diana Goodman ni mke na mama ambaye kwa miaka mingi amekuwa akitibiwa ugonjwa wa baipola, ule unaompandisha mtu hadi asilale na kumshusha hadi asiinuke. Mumewe, Dan, ni mwanamume mvumilivu ambaye kila asubuhi husema kwamba mambo yatakuwa mazuri. Binti yao, Natalie, hupiga piano na kusoma kwa bidii ya mtoto anayejua kwamba nyumbani hakuna anayemtazama. Yupo pia kijana wa kiume, mchangamfu, anayezungumza na mama yake kila siku, na ni baadaye tu hadhira inapotambua kwamba kijana huyo alikufa akiwa mtoto mchanga na kwamba anayeishi nyumbani humo ni taswira iliyomo akilini mwa mama. Diana anaacha dawa, anajaribu kujiua, anapewa tiba ya umeme, anapoteza kumbukumbu za miaka mingi ya ndoa yake, na anapoanza kuzirejesha anamkataa daktari, kisha anaondoka nyumbani.

Kuhusu uwezo wa kuucheza sitasema mengi. Waigizaji ni 6, wapigaji ala ni 6, na mandhari ni ya nyumba moja. Karibu kila kitu huimbwa, na sauti za kuimba katika mji wenye kwaya nyingi kama Nakuru si za kutafutwa kwa tochi.

Wanaounga mkono husema kwamba mchezo utahamasisha umma. Hutukumbusha kwamba jopokazi la kitaifa lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 kwamba afya ya akili itangazwe kuwa janga la kitaifa, na kwamba sheria ya afya ya akili iliyorekebishwa mwaka 2022 imezitwika majukumu mapya serikali za kaunti. Hayo ni kweli, lakini mimi huwa na shaka na mchezo unaotangazwa kuwa somo. Tumelelewa na tamasha za shule ambamo kichaa huingia jukwaani na koti lililochanika, akiburuta gunia la takataka, ukumbi mzima ukaangua kicheko, kisha mwishoni mhusika mmoja akageukia hadhira na kutuambia tusiwacheke wagonjwa. Kicheko ndicho tulichokwenda nacho nyumbani.

Hapo ndipo mchezo huu unapowazidi wanaotaka uwe somo. Diana anaingia akiwa nadhifu, mwenye maneno makali na ya kuchekesha, akiwaandalia watoto chakula cha kubeba shuleni kama mama yeyote. Anapaka vipande vya mkate, anaendelea kupaka, mpaka mkate unajaa meza na kutandaa sakafuni, na wewe uliyekuwa ukicheka unagundua kwamba umecheka zaidi ya pale ulipopaswa kukoma. Hakuna aliyekuhubiria. Swali langu la kweli ni kama hadhira yetu, iliyozoeshwa vichekesho vya runinga, itakoma mahali hapo au itaendelea kucheka hadi mapazia. Mwelekezi asiye na jibu la swali hilo asianze mazoezi.

Hoja za wapinzani ni nzito zaidi ya zinavyochukuliwa, na ya kwanza inahusu tiba ya umeme. Tiba hiyo ilianza mjini Roma mwaka 1938, wakati mgonjwa alipokuwa akitiwa umeme bila kulazwa usingizi. Siku hizi hufanywa mgonjwa akiwa amepewa nusukaputi na dawa ya kulegeza misuli, na madaktari wa akili huihesabu miongoni mwa tiba zenye nguvu zaidi kwa sonona kali iliyoshindikana kwa vidonge. Kupoteza kumbukumbu ni athari ya kweli, na wagonjwa wanaosimulia kwamba walipoteza mengi hawafai kuitwa waongo, lakini kwa kawaida zinazopotea ni kumbukumbu za kipindi kinachokaribiana na matibabu. Mchezo unamfutia Diana ndoa nzima. Katika nchi ambamo watu husema kwamba fulani "alipigwa stima kichwani" kana kwamba wanasimulia mateso ya kituo cha polisi, onyesho la namna hiyo laweza kumfanya mzazi amfiche mwanawe badala ya kumpeleka hospitalini.

Hoja ya pili ni mwisho wenyewe. Diana anapomwacha daktari wake, hadhira ya New York huona mwanamke aliyechoka na tiba nyingi akidai haki ya kujiamulia. Huku kwetu anayeacha dawa mara nyingi hajachagua lolote: dirisha la dawa limemwambia arudi wiki ijayo, au nauli ya matatu kutoka Kuresoi imempita uwezo, au mhubiri amemwambia kwamba vidonge ni dalili ya upungufu wa imani. Wimbo wa ushindi juu ya kuacha matibabu, ukiimbwa mbele ya watu ambao hata hayo matibabu hawajayapata, una ladha nyingine kabisa.

Ni haki hata hivyo kuusoma mwisho huo hadi mstari wa mwisho. Diana hajitangazi kuwa amepona. Na Dan, aliyetumia mchezo mzima akimpeleka mkewe kwa madaktari, anabaki ameketi na daktari yule yule, akipendekezewa mtu wa kuzungumza naye kwa ajili yake mwenyewe. Tiba haikutupwa, kiti cha mgonjwa kimekaliwa na mwingine. Shida ni kwamba jambo hilo linapita haraka, kwa Kiingereza, baada ya saa mbili za gitaa na ngoma, na sina hakika ni wangapi watakaolinasa.

Ingekuwa rahisi kusema basi tuubadilishe: Diana awe Mama Wanjiru wa Lanet au Mama Akinyi wa Nyalenda, mistari michache itafsiriwe, mwisho ulainishwe. Michezo ya namna hii hukodishwa kwa leseni, na leseni hairuhusu kukata, kuongeza wala kutafsiri bila idhini ya wenye haki. Najua makundi yanayofanya hivyo kimyakimya, na siwasifu. Kwa hiyo uamuzi ni kuuchukua mchezo pamoja na kasoro zake au kuuacha.

Kuna onyesho moja ambalo sheria yetu imelibadilishia maana. Diana anapojaribu kujiua, anapelekwa hospitalini, na hakuna mhusika anayeuliza kama polisi wamejulishwa. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilifanya jaribio kama hilo kuwa kosa lenye adhabu ya kifungo cha hadi miaka 2, mpaka tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungu hicho cha sheria kinakiuka Katiba. Mtazamaji wa Nakuru aliyewahi kumficha ndugu yake, ili asitibiwe leo na kushtakiwa kesho, ataona katika onyesho hilo jambo ambalo waandishi wake hawakuliweka.

Sasa nije kwenye sababu iliyonielekeza mimi. Kwetu ni Vihiga. Mzee akifariki, hema husimamishwa, ng'ombe huchinjwa, wasifu husomwa, na jina lake hutajwa na kila mwenye mdomo. Mtoto wa miezi michache, kama nilivyoona mara zaidi ya moja, huzikwa upesi, karibu na nyumba, na wanawake wachache, bila hotuba. Baba yake hupewa pole kwa mkono na kutarajiwa kurejea kazini. Mama mdogo wangu alimpoteza mtoto kwa namna hiyo. Miaka kadhaa baadaye alipoanza kukesha akizungumza usiku, sisi tuliambiwa kwamba ni malaria iliyopanda kichwani, maelezo ambayo magharibi mwa Kenya yameziokoa familia nyingi kutokana na aibu ya neno "janeko" la Kijaluo au "omulalu" la Kiluhya, yaani kichaa, majina ambayo yakishamnata mtu hayabanduki. Nilikuwa mtu mzima nilipolijua jina la yule mtoto, nalo nililisoma kwenye kadi ya kliniki iliyohifadhiwa ndani ya Biblia. Baba mdogo hakuwahi kulitamka mbele yetu, wala sidhani kama ni kwa ukatili. Aliamini kwamba kwa kunyamaza alikuwa akimkinga mkewe.

Huyo ni Dan. Katika mchezo mzima jina la mtoto aliyekufa halitamkwi, na ukiwa hujaambiwa huwezi hata kulitambua pengo hilo, mpaka Diana amekwisha kuondoka na yule kijana anabaki jukwaani, safari hii akimkabili baba. Dan analitaja jina, na hapo tunaelewa kwamba naye alikuwa akimwona muda wote. Sijui onyesho jingine la jukwaani linaloigusa nyumba ya Mluhya au Mjaluo wa kizazi cha baba zangu kwa usahihi kama huo, na limeandikwa na watu ambao pengine hawakuwahi kusikia habari za Vihiga.

Sidai kwamba msiba ndio uliomgonjesha mama mdogo. Baipola hufuata damu za ukoo na kazi ya ubongo, nayo huwapata hata wasiofiwa na mtu. Na hapa mchezo una udhaifu ambao wapinzani wetu hawautaji vya kutosha, kwani unakaribia mno kuufanya ugonjwa kuwa huzuni iliyokosa matanga. Mtazamaji anayetoka akiamini kwamba kumtaja marehemu kunatosha kumponya mgonjwa atakuwa amedanganywa, hata kama amedanganywa kwa muziki mzuri.

Ama wale wanaosema kwamba kuimba ugonjwa ni kuufanyia mzaha, nadhani wamesahau walikotoka. Isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho wa magharibi mwa Kenya, iliyoingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, hupigwa harusini na mazikoni vilevile, na mwombolezaji wa kike hujua kwamba anaweza kumwambia shemeji kwa wimbo jambo ambalo akiketi na kulisema angefukuzwa bomani. Kwetu sisi, jambo zito hufaa kuimbwa.

Naweka hata hivyo sharti moja nisilokuwa tayari kulilegeza. Makundi yetu mengi hujikimu kwa kuzungusha vitabu teule shuleni, na kishawishi cha kuupeleka mchezo huu huko, mabasi yakijaa na ada ikilipwa, kitakuwa kikubwa. Usipelekwe. Yule kijana ana wimbo wa upole, mtamu kuliko karibu zote, anaomwimbia mama yake amfuate mahali aliko. Mtu mzima anausikia na kuuogopa. Mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyeketi peke yake katika safu ya nyuma, na ambaye mwalimu mshauri wake ndiye pia anayemfundisha hisabati na kumchapishia mitihani, anaweza kuusikia vinginevyo. Uchezwe usiku, kwa watu wazima, na ukumbini awepo mtaalamu wa hospitali ambaye watu wanaweza kumfuata pembeni bila kutangaziwa.

Yakipatikana hayo, mwelekezi atakayenisikiliza nitamshauri asihangaike sana kumtafuta Diana, kwa sababu wanawake wenye sauti na ujasiri wa kumbeba wapo, hapa na Kisumu pia. Ahangaike na Dan. Wanaume wa kwaya zetu wamezoea kuimba besi wakiwa wamesimama bega kwa bega na wenzao. Huyu atalazimika kusimama peke yake, bila mwenzake wa kujificha nyuma yake, alitaje jina la mtoto.