Kamera Yangu Inataka Kikao Kwanza

Jamani hivi nani aliamua kwamba mtu akitaka kupiga picha lazima kwanza akae kikao na kamera? Mi nauliza tu. Unaiwasha, inaamka kwa kujivuta, inakuuliza tarehe, inakuuliza lugha, ukiiacha kidogo inalala, ukiigusa inakwambia betri imebaki kidogo, yaani nimenunua kifaa kina visingizio kama mpangaji wa mwisho wa mwezi.

Kamera yangu ya filamu haikuwa na maneno. Pentax K1000, zile zilizotengenezwa kuanzia 1976 mpaka 1997, chuma kitupu, ikidondoka unaangalia kwanza sakafu kama imepona. Juu kuna kigurudumu cha spidi, yaani mwanga uingie kwa sehemu gani ya sekunde, namba zimechongwa palepale, 1000, 500, 250, 125, 60, inashuka hivyo mpaka 1 halafu B, ile ya kuacha wazi mpaka uachie kidole. Kwenye lenzi kuna pete ya apecha, lile tundu la kupitishia mwanga, na pete ya fokasi. Basi, umemaliza. Na kila kidude kina kazi moja mpaka kinazikwa, sijawahi kuzungusha kigurudumu cha spidi kikaniambia samahani mzee leo nimehamishiwa idara ya sauti.

Hii ya sasa, ya dijito, ina vigurudumu viwili, kimoja mbele kimoja nyuma, na havijaandikwa kitu, vipara kabisa. Cha nyuma ukiwa modi hii ni spidi, ukihama modi kinageuka apecha, ukiwa unaangalia picha ulizopiga kinavuta picha karibu, ukiingia kwenye menyu kinapandisha orodha. Sasa mimi kidole gumba changu kitajuaje leo tuko ofisi gani?

Kitu ninachokililia hasa ni kile cha kuijua kamera gizani. Naitoa kwenye begi macho yangu yakiwa mbele, kidole kinahesabu, tk, tk, nimetoka 125 nimefika 500. Pete ya apecha unaizungusha mpaka igome, ikigoma unajua uko mwisho, unarudi kwa kuhesabu. Jua likiwa kali unaweka apecha 16 na spidi inayokaribiana na namba ya filamu, ile ISO ya wepesi wake wa kunasa mwanga, filamu ya 100 unaweka 125, piga nenda zako. Betri ikifa je? Kinachokufa ni kile kisindano cha kupimia mwanga tu, kamera yenyewe haina habari na msiba, inaendelea kupiga kazi kama punda. Hii nyingine betri ikiisha unabaki na tofali lenye mkanda wa shingoni.

Na usiniulize habari za fokasi. Lenzi ya zamani ukizungusha pete mpaka mwisho inagonga, tap, umefika kwenye ile alama ya nane iliyolala, milima yote na mwezi vimo ndani. Lenzi yangu mpya pete inazunguka tuuu, haina mwanzo haina mwisho, kama pedeli ya baiskeli iliyotoka mnyororo, kwa sababu kumbe ile pete haijashikana na chochote, inatuma ujumbe kwa mota, mota ndo inasogeza vioo ikijisikia. Yaani mimi hapo ni mwombaji tu.

Sasa ngoja niwape la bibi yangu. Bibi yangu kwenye picha hacheki, akiona kamera tu anakaza uso anakuwa wa kitambulisho, miaka yote hiyo familia nzima hatuna hata picha moja ya bibi anacheka. Siku moja amekaa na wajukuu, kitoto kimoja kikajaribu kuvaa miwani yake kikagonga mlango, bibi akacheka jamani, akacheka mpaka akajishika mbavu, kichwa nyuma, pengo lote nje. Kamera ninayo mkononi! Nikainua, nikalenga, nikabonyeza. Ikaanza, pip... pip... pip... Kitaa chekundu kinawaka kinazima. Kumbe wakati naitoa kwenye begi kidole kimegusa sijui wapi imejiweka ile ya kusubiri sekunde 10. Ya kuizima siioni, nabonyeza huku menyu inafunguka, nabonyeza kule inaniletea picha za mwaka jana, pip pip pip inaongeza kasi, bibi kanyamaza, ananiangalia, anasema "We mjukuu wangu, hicho kitu kinalia nini, kinataka kulipuka?" Ndo hapo ikapiga. Picha ninayo, kali kabisa, kila kope inaonekana, bibi amemshika mtoto tayari kukimbia.

K1000 hata ya kusubiri haikuwa nayo. Haiwezi kukutega na kitu isichokuwa nacho.

Nikamlalamikia mpwa wangu, akaichukua, akasema "Mjomba si uweke oto tu." Sawa mwanangu. Kwa hiyo kazi yangu hapa ni kuibeba?

Steve Sasson pale Kodak alipounda ile kamera ya dijito ya kwanza mwaka 1975, ilikuwa na uzito kama kilo 3.6 na ilichukua sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti. Watu wanacheka sekunde 23. Mimi sekunde 23 bado natafuta ISO.

Halafu wenye viwanda wanajua kabisa walichotufanyia! Nikon walitoa kamera ya Df mwaka 2013, wakaja na Zf 2023, juu imejaa vigurudumu vyenye namba kama enzi zile, kwamba tuliwanyang'anya, tumewarudishia, leteni hela. Na mimi mjinga nimeitazama ile Zf kwenye skrini mpaka chai ikapoa. Naitaka, msiniseme.

Sisemi filamu ilikuwa peponi. Kuna siku nilipiga harusi ya rafiki, nikafika picha ya 36, mwisho wa filamu, kamera bado inavuta, 37, 38, nikasema leo filamu ina baraka, nilipofika 40 ndo nikashtuka kwamba kile kishikio cha kurudishia filamu hakijazunguka tangu asubuhi, filamu haikunasa, imelala kwenye kopo lake inapumzika, harusi nzima nimepiga hewa. Bwana harusi tunaongea siku hizi, kidogo kidogo. Ila kishikio kilikuwa pale juu wazi kabisa kinanionyesha kwamba hakizunguki, mimi ndo sikuangalia. Hilo nimelikubali.

Sasa hivi ile ya zamani inakaa pembeni ya kitanda. Usiku usingizi ukigoma naichukua, navuta ule mkono wa juu ya kamera kwa kidole gumba, krrrk, nabonyeza, tlak. Juzi mama watoto akaamka.

"We baba, unafanya nini gizani?"

"Napiga picha."

"Ina filamu?"

"Haina."

Akanyamaza kidogo, akageukia ukutani, akavuta shuka lote.