Zilikuwa Katlesi Sita, Si Kumi na Mbili

Naona swahiba wangu ameshawahi kuwasimulia kwamba jana nilifakamia katlesi kumi na mbili. Haya. Nami nijitetee kwa hoja moja tu niliyo nayo: zilikuwa katlesi sita. Hizo nyingine kazizalisha yeye.

Kikundi chetu cha Alhamisi mnakijua: watu saba, hadithi fupi moja kila juma, zile za kukuchekesha kisha ukajionea haya kwa kucheka. Jana ilikuwa zamu ya "Shibe Inatumaliza" ya Salma Omar Hamad, kutoka mkusanyiko wa Tumbo Lisiloshiba. (Mliokalia KCSE, ule mtihani wa kidato cha nne Kenya, kati ya 2018 na 2022 msijitie hamuijui.) Mzee Mambo anaangusha sherehe kubwa kwa sababu mtoto mmoja kaingia chekechea na mwingine kaota vijino, na akina Sasa na Mbura wanafakamia kama kesho haipo.

Tulikuwa kwa mmoja wetu, Kibokoni, Mombasa. Sahani yetu ya bajia ilikwisha mapema. Hapo sina la kusema. Nilikaa pembeni, ubavuni mwa kimeza chenye kawa. Nikafunua. Katlesi, zingali moto, na ndimu iliyokatwa vipande. Nikasema moyoni, kumbe kuna sahani ya pili! Ungekuwa wewe ungedhani nini? Usijibu.

Mimi nikianza fasihi, mkono hujiendea wenyewe. Nikawaambia uchungu wa hadithi hii ni kwamba walaji hawajioni. Nikamega. Nikasema Sasa na Mbura hawajioni wezi, wao wamekaribishwa. Nikakamua ndimu. Nikasema, kwa sauti ya mhadhiri kabisa, kwamba anayekula cha mwenziwe hajui hata kama mwenziwe yupo. Hiyo ilikuwa ya tano. Na watu wanaandika! Mmoja akaniomba nirudie.

Ikaadhiniwa Magharibi. Nikanyamaza kwa adabu, ila mdomo ndio haukunyamaza. Nikatia ya sita.

Pazia likasogea. Akatoka baba mwenye nyumba, kanzu nyeupe, tende mbili kiganjani, bilauri ya maji. Alhamisi. Funga ya sunna. Na mimi mtoto wa Mombasa!

Akaketi. Akala tende ya kwanza, akanywa maji. Akala ya pili. Kokwa akazipanga polepole ukingoni mwa kimeza. Akasema bismillahi, akalinyanyua kawa kwa vidole viwili, taratibu, kama anamfunua bibi harusi. Chini yake: ndimu zilizokamuliwa na chembe za yai. Akalirudisha kawa. Akatulia kidogo. Akalifunua tena.

Jamani, hiyo mara ya pili ndiyo iliyoniua.

Shavu langu limetuna. Kutafuna siwezi, kutema siwezi. Swahiba wangu, huyo huyo mtangazaji wenu, ameuma kitabu ili asicheke.

"Mwanangu," mzee akaniambia, "nilikuwa nakusikiliza nyuma ya pazia. Umesema maneno mazito. Endelea."

Nikameza nzima. Nikaomba radhi, nikatoka mbio, nikarudi na viazi karai na mishikaki, mzee akala, kikao kikafa kwa vicheko, basi. Asubuhi nafungua simu, kila mtu ananiita Mzee Mambo.

Alhamisi ijayo ni zamu ya kwangu. Mama mwenye nyumba ameshatuma salamu kwamba watakuja wote, na mzee amesema siku hiyo hafungi.